Tupeane uzoefu: muda ni mchache, vitabu ni vingi, unachaguaje cha kusoma?

Mwalimu wa Sakina: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha, jioni nina wanafunzi wa tuisheni, nyumbani watoto watatu. Nikijitahidi sana napata kurasa ishirini usiku wakishalala. Kitabu cha kurasa 300 kinakula nusu mwezi, kwa hiyo mwaka mzima ni vitabu ishirini na vinne, hapo bila msiba wala harusi. Leo nimesimama kwa wale wanaotandaza vitabu chini pale mjini mpaka giza likaingia, nimeondoka mikono mitupu. Nyie mnachaguaje?

Njiro Kwetu: Kurasa hamsini. Nancy Pearl, mkutubi wa Marekani, ndiye aliyeieneza hii: kisipokushika ndani ya kurasa 50, weka chini. Ukivuka umri wa miaka 50, toa umri wako kwenye 100, kinachobaki ndizo kurasa za kukipa. Mama yangu ana 72, anakipa kitabu kurasa 28 tu.

Chalii wa Kijenge: Mimi mambo ya kutunga sisomi. Vya biashara na fedha, basi.

Bibi wa Tengeru: Mjukuu wangu, riwaya ya Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka 1971 ikapigwa marufuku mashuleni. Maneno matupu hayaogopwi hivyo.

Chalii wa Kijenge: Shikamoo bibi. Ila riwaya hainilipii kodi ya fremu.

Bibi wa Tengeru: Marahaba. Na hivyo vya fedha vimeshailipa?

Njiro Kwetu: Jamani, turudi kwenye mada.

Mama Kibosho: Nilikuwa nasoma kimya, lakini mmenigusa penye kidonda. Baba alikuwa mwalimu, aliacha makasha mawili ya vitabu. Tumemaliza matanga, natoka zamu ya usiku (ni nesi hapa Moshi), nakuta baba mdogo kaleta mtu wa mizani. Vitabu vinauzwa kwa kilo, viende kufungia karanga Mbuyuni! Kasha moja lilishapakiwa kwenye mkokoteni. Nililia kwa sauti mpaka majirani wakatoka. Baba mdogo akasema, haya, jaza kikapu kimoja, vilivyobaki pesa nimeshapokea. Sasa unachagua nini, hujalala, mtu amesimama anakusubiri? Sikuangalia jalada wala jina la mwandishi. Nilikuwa nafungua, nikikuta penseli ya baba pembeni natia kikapuni, kikiwa safi naacha. Alikuwa anabishana na vitabu, penye uongo anaandika "hapana". Mpaka leo ndivyo ninavyosoma. Nikipata dakika kumi kabla ya kupokea zamu nachukua cha kikapuni. Kipya sinunui mpaka hivyo viishe.

Dereva wa Usa: Pole sana dada. Nimeshindwa kula.

Meku wa Machame: Ungemrudishia yule mtu pesa yake, mambo yakaisha.

Mama Kibosho: Shikamoo mzee. Pesa ilikuwa mfukoni mwa baba mdogo.

Meku wa Machame: Mali ya marehemu haiuzwi kabla kikao cha ukoo hakijakaa. Huyo baba mdogo alitakiwa aitwe.

Chalii wa Kijenge: Mzee, vikao vyenyewe si ndivyo vinavyouza?

Meku wa Machame: Heshima, kijana.

Mwalimu wa Sakina: Mama Kibosho, vile vingine ulivifuatilia?

Mama Kibosho: Kesho yake nilienda Mbuyuni. Vingi vilishachanwa. Lakini muuza karanga mmoja alikuwa na kimoja chini ya ungo, hataki kuniuzia. Alisema huwa anasoma karatasi kabla ya kuikunja, na ya kwanza tu ilimfanya atake kujua kilichofuata, kwa hiyo nimsubiri amalize. Nikamwachia namba. Alipiga.

Bibi wa Tengeru: Huyo ndiye msomaji. Mwalimu, fanya kama yeye, soma ukurasa mmoja hapo hapo umesimama.

Njiro Kwetu: Wa katikati lakini. Wa kwanza kila mwandishi anaupamba.

Dereva wa Usa: Mimi nasema azima. Cha kuazima mwenyewe anakidai, lazima ukimalize.

Meku wa Machame: Nunua. Vyangu vya kuazimwa havijarudi hata kimoja.

Dereva wa Usa: Basi nani ana riwaya ya Peponi ya Gurnah hapa Arusha? Ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya 2022. Tangu apewe Nobel 2021 nataka kumsoma kwa lugha yangu.

Njiro Kwetu: Ninayo. Mama yuko ukurasa wa 20, akikiacha ni chako.