Chumvi Ozi: tudai maji ya mabwawa au tujengewe tuta?

Mpunga wa Ozi: Salamu zenu. Serikali ibanwe ifungulie maji ya mabwawa ya mto Tana kwa msimu, ama tujengewe tuta la kuzuia bahari huku Ozi na Kipini, mto unapoingia baharini? Wazee wetu walilima mpunga kwa bamvua: bahari ikijaa inayasukuma maji baridi ya mto, yanapanda yenyewe hadi makondeni. Siku hizi mabwawa yanazuia maji ya mto, na bamvua linaingiza chumvi. Tena kabla ulimi haujaionja, vidudu vya majini vimeshakufa. Wiki jana nilichota maji kwa chupa nikayainua juani. Zamani ungeona vinukta vinarukaruka kama vumbi lenye uhai. Safari hii hapakuwa na kinachocheza, na maji yalikuwa kijani.

Kijana wa Thika: Nchi inataka umeme, wewe unatuhesabia wadudu? Wakifa si ndiyo maji yamekuwa safi? Nyinyi watu wa delta mafuriko yakija mnalia, maji yakipungua mnalia.

Binti Kipini: Tunalia? Bwawa la Kindaruma linazalisha umeme tangu 1968, la Masinga likaja 1981, na nyumbani kwa mamangu watoto bado wanasomea koroboi. Niambie nani kati yetu alie.

Kijana wa Thika: Dada, koroboi si kosa la bwawa.

Mwalimu wa Bayolojia: Jamani, hilo la wadudu msilipite. Maji ya kijani si safi. Viroboto maji, yaani hivyo vinukta vinavyorukaruka, ndio wanaochunga mwani, kama mbuzi kwenye majani. Chumvi ikipanda kidogo, wao ndio wa mwanzo kudhoofika. Wanaacha kuzaa, kisha wanakufa. Mwani unabaki bila mlaji, na vifaranga vya samaki vinakosa chakula. Utafiti mmoja wa 2022 ulipima maeneo 16 Marekani Kaskazini na Ulaya. Karibu robo tatu ya maeneo hayo, viroboto walipungua zaidi ya nusu kwenye chumvi ambayo sheria za huko zinaiita salama. Kiwango cha Marekani ni miligramu 230 za kloridi, sehemu moja ya chumvi, kwa lita, cha Kanada 120. Bahari ina gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, kwa hiyo lita chache tu za bahari zinatosha kuharibu pipa zima.

Msomaji wa Lamu: Hizo si zile nchi wanazomwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu? Huku viumbe ni wengine.

Mwalimu wa Bayolojia: Ni kweli, chumvi yao inatoka barabarani. Ila kiroboto hajui imetoka wapi.

Mzee wa Witu: Mnaanzia mwisho. Mto Ozi haukuwa Tana. Tana ulikuwa ukimwagikia kusini zaidi. Karne ya 19 ukachimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha mito miwili, na mto ukahamia huko. Mdomo ule ulikuwa mkono wa bahari kabla ya bwawa lolote. Mlichimba wenyewe, msiwabebeshe watu wa bara lawama zote.

Mpunga wa Ozi: "Mlichimba" nani, mzee wangu? Amri ilitoka kwa watawala wa Witu, si kwa mkulima wa Kipokomo. Shikamoo yako nimekupa, lakini neno hilo lirudishe.

Mzee wa Witu: Marahaba. Nilisema historia, sikumtaja mtu.

Binti Kipini: Historia gani, na hata kaburi la Fumo Liongo mnataka kulihamishia kwenu? Liko kwetu Kipini.

Msomaji wa Lamu: Liko Ozi, wazee wote wanasema hivyo.

Binti Kipini: Ozi ya wapi? Ozi mto au Ozi kijiji? Tuanzie hapo.

Muuguzi: Samahani kuwakatiza. Mimi sijui kaburi, najua kipindupindu. Si kila kidudu kinakufa kwa chumvi. Kopepodi, vidudu vingine vidogo vya majini, wale wa midomo ya mito wanaivumilia, na bakteria wa kipindupindu wanajishikiza kwenye miili yao. Bakteria hao wanastawi kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, na ndiyo hayo mnayoyachota. Kule Bangladesh akina mama walichuja maji kwa sari ya pamba iliyokunjwa mara nne, na wagonjwa wakapungua karibu nusu. Matokeo yalitoka 2003. Leso ya pamba ikunjeni hivyo hivyo, kisha chemsheni au tieni dawa.

Kijana wa Thika: Leso mpya au kuukuu?

Muuguzi: Kuukuu. Ikifuliwa sana nyuzi zinalainika na kulegea, na matundu yanakuwa madogo. Ila chumvi haichujiki kwa leso.

Mpunga wa Ozi: Ndiyo maana nikauliza habari ya tuta. Tuta likizuia bahari, litazuia na maji baridi yanayopanda na bamvua, na mpunga wetu unategemea hayo. Mimi nataka maji yafunguliwe.

Mzee wa Witu: Ozi kijiji, Binti. Nilikuwa nimekwenda kuswali.