Orodha za vyuo bora kwa utafiti hazituhesabu kabisa, halafu wakubwa wetu wanazitumia kutunyima vyeo

Wakuu, heshima kwenu. Nauandika uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha.

Kila ikitoka orodha mpya ya vyuo bora duniani, vyuo vyetu vinakimbilia kutundika mabango: tumepanda, tunaongoza nchini. Kikao kinachofuata wakuu wa idara wanabanwa waeleze wamechangia nini. Na idara inayotolewa mfano wa uzembe huwa ni ya Kiswahili, na majirani zetu wa historia na fasihi. Mimi nafundisha huko. Nimechoka kuambiwa sifanyi utafiti na watu ambao hawajawahi kusoma ukurasa mmoja unaoeleza orodha hizo zinahesabu nini.

Basi tuusome pamoja. Chukueni orodha ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Taiwan, ile inayoitwa NTU, ambayo inasema wazi kwamba inapima makala za kisayansi tu. Inapanga vyuo kwa nyanja sita: kilimo, tiba, uhandisi, sayansi za uhai, sayansi asilia na sayansi za jamii. Lugha iko wapi hapo? Fasihi je? Watu wa orodha ya Shanghai nao, walioanza kupanga vyuo mwaka 2003, walipokuja kupanga kwa somo moja moja walitoa masomo zaidi ya 50. Utalii umo. Isimu haimo, fasihi haimo. Mtu anawezaje kufeli mtihani ambao hakupewa?

Wapo watakaosema kwamba Chuo Kikuu cha Leiden kule Uholanzi, ambao nao wana orodha yao, wana nyanja inayochanganya sayansi za jamii na taaluma za lugha, historia na sanaa, kwa hiyo tumo. Someni masharti yake. Makala inayoingia kwenye hesabu yao ya msingi lazima iwe imeandikwa kwa Kiingereza. Makala ya Kiswahili kuhusu Kiswahili, iliyopitiwa na mabingwa wa Kiswahili, ikatoka kwenye jarida la *Kiswahili* au *Mulika* pale TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, thamani yake humo ni sifuri. Tena hao Leiden ni waungwana kuliko wengi: masharti yao wameyaandika bayana, na hawavikorogi vigezo vyote kuwa alama moja. Hasira yangu haiko kwao. Iko kwa wanaoichukua namba ile na kuipachika mahali ambapo walioitengeneza hawakusema ipachikwe.

Sasa fikirieni kamusi. *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya TUKI, taasisi iliyoitangulia TATAKI, ilitoka mwaka 1981. Mwaka 1990 ikatoka *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia*. Ni kazi za miaka, za watu wengi, na mpaka leo mwalimu, mtafsiri na mtangazaji wanazitegemea. Kwenye orodha hizi zisingekipa chuo hata nukta moja, kwa sababu kinachohesabiwa ni makala za majarida yaliyomo kwenye hifadhidata kama Web of Science au Scopus. Kwa hesabu hiyo, mtu aliyeipa nchi istilahi za kufundishia sayansi ni mvivu, na aliyetoa makala tatu za kurasa sita sita ni mtafiti hodari. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, wakuu. Kiswahili kimekuwa lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika mwaka 2022, kina siku yake ya UNESCO kila tarehe 7 Julai, viongozi wetu wanahutubia wakipigiwa makofi, lakini anayekifanyia utafiti kwa lugha yenyewe anaonekana hana alichofanya.

Hata kwa wale wanaohesabiwa, angalieni mizani yenyewe. NTU wana vigezo vinane: idadi ya makala, idadi ya mara zilizonukuliwa, makala zilizonukuliwa mno, na kadhalika. Katika hivyo vinane, kinachogawanya idadi ya kunukuliwa kwa idadi ya makala ili kupata wastani ni kimoja tu, nacho kina asilimia 10. Vingine saba vinampa zaidi aliye mkubwa zaidi. Chuo chenye maprofesa elfu kadhaa kinawekwa mstari mmoja na chuo chenye mia mbili, halafu tunaambiwa tofauti yao ni ubora. Vipo na vigezo vinavyotazama miaka miwili ya karibuni tu. Makala ya tiba inaweza kunukuliwa mara nyingi ndani ya muda huo. Utafiti wa tenzi za Pate au lahaja ya Kimakunduchi unasomwa taratibu, kwa miaka mingi, na mara nyingi unanukuliwa ndani ya vitabu ambavyo hifadhidata hizo hazivioni.

Na namba zenyewe zinachezewa mchana kweupe. Mwaka 2011 jarida la *Science* liliandika jinsi Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz, Saudi Arabia, kilivyowapa mikataba minono wanasayansi wa nje wanaonukuliwa sana, wakae chuoni wiki chache tu kwa mwaka, ilimradi waandike jina la chuo hicho kwenye makala zao. Mwaka 2023 kampuni ya Clarivate, wenye hiyo Web of Science, ililiondoa somo zima la hisabati kwenye orodha yake ya watafiti wanaonukuliwa zaidi, kwa sababu ya kunukuliana kwa mpango. Hiyo ndiyo data tunayopimiwa nayo vyeo!

Kwetu matokeo yake nayaona kila siku. Mhadhiri msaidizi anashauriwa aache kuandika Kiswahili "kama anataka kupanda". Anatafsiri utafiti wake kwa Kiingereza, anaikata mifano iliyokuwa na utamu, anautuma kwenye jarida la kulipia ambalo hakuna mwanafunzi wake atakayelisoma. Wengine wanaliwa pesa na majarida ya kitapeli. Kwenye chuo chetu faili la mwenzangu lilirudishwa kwa maelezo kwamba machapisho yake "hayana hadhi ya kimataifa". Mtu ameandika kuhusu lugha inayozungumzwa kutoka Lamu hadi Lubumbashi!

Dawa ipo na si ngeni. Ilani ya Leiden ya mwaka 2015, iliyoandikwa na wataalamu wa vipimo hivi hivi, inataka katika kanuni yake ya tatu kwamba utafiti bora unaohusu mazingira ya wenyeji ulindwe, na inataja wazi tatizo la kuulinganisha ubora na Kiingereza. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Utrecht kilijitoa kwenye orodha ya Times Higher Education. Zurich wakafuata mwaka 2024. Hao ni vyuo vilivyokuwa vinafaidika na orodha, na bado wamekataa.

Ninachodai ni hiki. Kamati za vyeo zisome kazi yenyewe, na kazi ya Kiswahili isomwe na anayekijua Kiswahili. Kamusi, tafsiri ya kitaaluma na uhariri wa tenzi ziwe na alama zilizoandikwa kwenye kanuni, zisiachiwe huruma ya mwenyekiti.

Mlio kwenye kamati hizo, Dar, Zanzibar, Nairobi, Eldoret, Kampala, Bujumbura: kanuni ya chuo chenu inasemaje kuhusu makala iliyoandikwa kwa Kiswahili? Wekeni kifungu chenyewe hapa, bila majina ya watu, tuvilinganishe.