Chupa kabla ya bia

Dada Mkubwa: 📷 Jeshi langu la chupa hili hapa. Bia imeshatulia ndooni, kesho naijaza kwenye chupa. Nikizisuuza kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo si yatosha?

Kaka Mdogo: Mbona zinang'aa tayari, wewe jaza tu 😂

Mjomba: Ngoja kwanza. Chukua moja, ielekeze kwenye taa, uchungulie kupitia mdomoni hadi kitakoni.

Dada Mkubwa: Shikamoo Mjomba. Naona duara la kijivu pale chini, kama ganda.

Mjomba: Marahaba. Hiyo ni chachu ya bia iliyopita, imekauka. Dawa ya kuua vijidudu haipenyi hapo. Itaua vilivyo juu, vya chini vitabaki vinasubiri sukari ya bia yako.

Binamu: Ndiyo maana kuosha ni kazi moja, kuua vijidudu ni nyingine. Loweka usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu yenye magadi ya kufulia. Hata lebo nyingi zitabanduka zenyewe. Asubuhi pitisha brashi ya chupa. Ila za plastiki usizisugue kwa brashi, mikwaruzo ndiyo maficho yao.

Kaka Mdogo: Yote haya kwa ajili ya bia?

Shangazi: We cheka tu. Vijidudu vya porini hula hata ile sukari ambayo chachu imeshindwa kuila. Gesi inajaa, chupa inapasuka kama bomu. Vioo hadi darini.

Kaka Mdogo: 😳

Shangazi: Na sabuni ya manukato iache kabisa. Hunata kwenye kioo, ukimimina bia povu linazimika.

Dada Mkubwa: Haya, nikishaosha nitumie nini? Nina jiki.

Mjomba: Inafaa, ile isiyo na harufu ya maua. Kijiko kikubwa 1 kwa lita 4 za maji baridi, dakika 20. Halafu suuza sana kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, la sivyo bia itakuwa na ladha ya plasta ya kidonda.

Binamu: Kuna wanaotia na siki ili iwe kali zaidi.

Mjomba: NISISIKIE. Jiki na siki hutoa gesi ya klorini, ile ile waliyopuliziwa askari pale Ypres, Ubelgiji, kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1915. Ndani ya jiko lililofungwa madirisha? Hapana.

Binamu: Nimekoma 🙏 Mwenyewe siku hizi natumia Star San, dawa ya kuua vijidudu ya watengeneza bia. Mililita 30 kwa lita 19 za maji, dakika 1 au 2, unamwaga na husuuzi.

Dada Mkubwa: Na lile povu linalobaki?

Binamu: Jaza bia juu yake. Ni asidi, ikishazidiwa na bia nguvu yake inaisha.

Shangazi: Mimi na oveni yangu. Chupa safi na kavu, foili mdomoni, zinaingia oveni ikiwa bado baridi. Nyuzi 170 kwa saa 1, kisha nazima nalala. Foili isipotoka, hata wiki ijayo ziko tayari.

Mjomba: Shemeji, kioo nacho huchoka. Joto likipanda au kushuka kwa ghafla kinapata nyufa usizoziona, halafu gesi inamalizia.

Shangazi: Ndiyo maana nikasema ikiwa baridi, na sifungui mlango mpaka asubuhi. Soma ujumbe wote, shemeji 😏

Dada Mkubwa: Msigombane 😂 Mimi sina subira ya oveni, nakwenda na ya Binamu. Zikitoka kwenye dawa nizifute?

Binamu: Usithubutu! Kitambaa kitarudisha kila ulichokiua. Zigeuze kichwa chini zichuruzike tu. Vizibo navyo viloweke humo humo.

Mjomba: Na ule mpira wa kuhamishia bia?

Dada Mkubwa: Unaingia kwenye beseni sasa hivi, Mjomba 🏃🏾‍♀️