Nimeletewa boksi mbili za santuri za kale hapa Tabora, niuze zote kwa laki mbili?

Fundi_Kanyenye:
Habari za jioni wakuu. Nina kibanda Kanyenye, natengeneza redio na kuwawekea watu nyimbo kwenye flashi. Pembeni nina meza ya kanda na CD za zamani, wazee wanaipenda sana.

Jumatatu mama mmoja wa Ng'ambo kaniletea boksi mbili za marehemu baba yake, alikuwa mtu wa reli. Nimempa elfu themanini, tukakubaliana zikiuzika vizuri namwongezea. Ndani kuna santuri ndogo kama arobaini: Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, Western Jazz, na za Kongo. Kubwa kumi na tano, karibu zote Jim Reeves, yule mwimbaji wa Marekani. Kuna sita nzito, ukizigonga kwa ukucha zinalia kama sahani ya udongo. CD ishirini hivi, nyingine za kuchoma, zimeandikwa kwa kalamu.

Jana kaja jamaa, kapekua dakika tano, anataka zote kwa laki mbili. Nimpe? Halafu nikiri kosa: moja ya zile nzito niliifuta kwa spiriti, pamba ikatoka nyeusi na santuri ikabaki na baka. Nimeiua?

mlamba_asali:
Chukua laki mbili ulale. Nani ana gramafoni mwaka huu?

Sindano45:
Fundi, weka hiyo spiriti chini kabisa! Hizo nzito si plastiki. Zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu, na spiriti inaiyeyusha. Weusi uliouona kwenye pamba ni santuri yenyewe. Zinazunguka mara 78 kwa dakika na mifereji yake ni mipana, kwa hiyo zinataka sindano yake. Ukipiga kwa sindano ya hizi za 45 na 33 utasikia mchanga tu. Na usiziangushe, zinavunjika kama kigae.

Za plastiki osha kwa maji ya betri yale masafi (YA KUONGEZEA, si tindikali, jamani) na tone la sabuni ya maji, kitambaa laini, ufuate mzunguko wa mifereji. Karatasi ya katikati isilowe.

Sasa bei. Jim Reeves alipendwa kila kona ya Afrika, ndiyo maana santuri zake zimejaa. Weka mezani elfu tano tano, uza. Mali yako ni zile ndogo. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kukandamiza santuri. Bendi nyingi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na santuri zikatengenezwa Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Kwa hiyo iliyofika Tabora, ikapigwa kwenye sherehe miaka yote hiyo na bado haina mkwaruzo, wanaoitafuta wapo. Tazama kwa tochi karibu na lebo, kuna namba zimechorwa kwenye plastiki. Zitafute Discogs, tovuti ya wanaouziana santuri, na usome bei zilizouzwa kweli. Bei anazotamani muuzaji achana nazo.

Bi_Ujiji:
Mwanangu, boksi hizo umeziweka wapi? Kama ni chini ya bati, mwezi wa kumi huo utakuta zimejikunja kama chapati. Zisimamishe wima, usizilundike. Za Kongo usimpe mtu kwa mafungu, huku Kigoma wapo wanaozijua moja moja.

CD za kuchoma zinakili leo, rangi yake hufa kwa mwanga na joto. Ukifuta, toka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Na upande wa maandishi ndio wa kuogopa, maana tabaka lenye nyimbo lipo pale juu, chini ya rangi tu.

mdau_wa_Isevya:
Nakuonya mapema maana najua unawaza flashi. Kununua santuri si kununua wimbo. Kabla hujaanza kuwauzia watu hizo nyimbo, pita COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Wajukuu wa wanamuziki wa hizo bendi tunasali nao msikiti mmoja.

Fundi_Kanyenye:
Mrejesho. Jamaa karudi asubuhi. Nikamwambia haziuzwi kwa mkupuo. Akasema basi, Jim Reeves nibaki nazo, na hizo nzito nibaki nazo, yeye atachukua "hizi ndogo za bendi za hapa" kwa laki mbili ileile. Nikacheka hadi akaudhika.

Nimeshazisimamisha kwenye rafu ya mbao, mbali na bati. Ile ya spiriti nimeipeleka Cheyo kwa mzee mwenye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono: upande niliofuta inakoroma, upande wa pili inaimba.

Mama wa Ng'ambo nimempigia nimwambie bei zimebadilika. Kasema kuna boksi la tatu chini ya kitanda, ila safari hii niende na daftari.