Canter 4D33 ya kubeba chumvi: kamshafti ipi niweke, na pesa ni za kuokoteza?

KantaYaGongoni

Salaam aleikum, wenzangu. Samahani kwa urefu.

Nina lori la Canter lenye injini ya 4D33, ile dizeli ya lita 4.2, linabeba chumvi kutoka Gongoni na Marereni kushuka Mombasa. Kurudi napakia chochote, saruji, mabati, mara nyingine narudi tupu na hasira. Miezi miwili sasa imekuwa haina nguvu. Kimlima cha kawaida gia ya tatu inalia, narudi ya pili, na moshi mweusi nyuma kama tanuri la makaa. Halafu ikaanza kupumua kwenye eakilina (chujio la hewa): pu, pu, pu.

Fundi wangu hapa Malindi alibadilisha nozeli, akaseti pampu, akaseti tapeti mara tatu. Kila akiseti, siku mbili kelele zimerudi palepale. Wiki jana tukasema basi, tukafungua. Ringi zimekwisha, beringi za krenki zimekwaruzika, na kwenye kamshafti, ile shafti inayofungua valvu (milango ya hewa na moshi), kuna lobu moja (lile yai linalosukuma tapeti, kipande kinachopeleka msukumo kwenye valvu) imeliwa mpaka unaiona kwa macho.

Pistoni, ringi, beringi na gasketi nimeshanunua. Nimebaki na 28,000 na gari iko juu ya mawe. Nimepewa njia nne:

Kuna karakana Mombasa watainoa upya hii hii ya zamani. Kuna mpya isiyo na jina, boksi jeupe, 15,000. Kuna ya kutumika kutoka Japani, 9,000 pamoja na tapeti. Na kuna kijana wa duka moja ananiambia ana mtu wa kuichonga iwe "ya digrii kubwa", eti nitapanda mlima na gia ya nne. Nimekesha nikisoma habari za digrii, 204, 214, sijui 230, mpaka mke wangu akaniuliza kama ninaumwa.

Nisaidieni. Hii gari ndiyo karo, ndiyo kodi, ndiyo kila kitu.

Gurudumu_La_Watamu

Weka ya digrii kubwa bila kufikiri. Mimi Hilux yangu ya 22R niliweka na inaruka kama swala. Ukikanyaga unasikia kabisa.

FundiWaMaweni

Kijana wa Watamu, shikamoo yako nimeipokea hata kama hukuitoa. 22R ni petroli. Unayemjibu ana dizeli yenye tani za chumvi mgongoni. Hayo ni mambo mawili.

Mwanangu wa Gongoni, nikuelezee polepole kwa sababu naona umeshachanganywa.

Digrii ni muda ambao valvu inakaa wazi, ukipimwa kwa mzunguko wa krenki. Kamshafti huzunguka mara 1 krenki ikizunguka mara 2. Ukiongeza digrii, valvu ya hewa inachelewa kufunga. Injini ikienda kasi sana, kuchelewa huko kuna faida, hewa inakuwa na mbio zake na inaendelea kuingia ijapokuwa pistoni imeanza kupanda. Lakini wewe unavuta mzigo kwenye mizunguko 1500 mpaka 2500. Hapo hewa haina mbio hizo. Pistoni ikipanda na valvu bado iko wazi, inairudisha ilikotoka. Kompresheni inashuka. Na dizeli haina plagi ya cheche, inawashwa na joto la kompresheni peke yake. Kwa hiyo asubuhi utasukuma stata mpaka betri ilie, utatoa moshi mweupe, na pale Sabaki ukitoka darajani na mzigo utaitafuta gia ya kwanza.

Hizo 204 na 214 ulizosoma usiku ni za V8 za petroli za Marekani, kama ile Chevrolet 350. Wao hupima digrii kuanzia pale tapeti imenyanyuka inchi 0.050, yaani milimita 1.27. Na hata wao, mwenye pikapu ya kuvuta trela huambiwa achukue ndogo, hiyo hiyo 204 kwa 214. Kubwa ni za mashindano. Sasa wewe unaletewa ya mashindano ukabebe chumvi.

Jambo la pili, na hili ndilo linavunja injini. Kwenye dizeli kama yako pistoni hupanda mpaka usawa wa bloku au kupita kidogo. Valvu iko pale pale juu yake, nafasi ni ya kuhesabu. Ukiongeza kunyanyuka kwa valvu, au ukazifanya mbili ziwe wazi zaidi wakati pistoni iko juu, chuma kinakutana na chuma. Pushrodi (fimbo kati ya tapeti na valvu) inapinda ukibahatika. Usipobahatika unarudi hapa kuomba ushauri wa silinda hedi.

Weka umbo la kiwandani. Hapo sina mjadala. Mjadala ni wapi utaipata. Kabla ya hapo fanya kitu kimoja: chukua maikromita, pima kila lobu, kutoka ncha ya yai mpaka chini yake, halafu pima upana wake ubavuni. Toa ya pili kwenye ya kwanza. Hicho ndicho kinyanyuo. Linganisha za hewa kwa za hewa na za eksozi kwa za eksozi, maana hazilazimiki kuwa sawa. Lete namba hapa.

Gurudumu_La_Watamu

Shikamoo fundi. Nimenyamaza.

MashuaYaAmu

Yakhe, sisi Amu magari si ya kuhesabu, tuna punda na mashua. Lakini injini ya lori ninayo ndani ya mashua miaka mingi, na kamshafti nimeshalia nayo.

Mimi nilinoa. Ilirudi inang'aa, mato yakadanganyika. Shida ni hii: ili kuirudishia lobu iliyoliwa umbo lake, wanakwangua zote mpaka zilingane na ile mbovu. Ngozi ngumu ya juu ndiyo inayokwanguliwa. Kama chuma kimegandishwa ugumu juu juu tu, ukishaipita hiyo ngozi unabaki na chuma laini. Yangu ilitembea msimu mmoja wa kaskazi, ikaanza kulia upya. Halafu lile yai likikwanguliwa chini linakuwa dogo, tapeti inashuka, na skrubu ya roka, ile ya kuseti tapeti, inafika mwisho haina pa kwenda.

Sasa ni nanga ya mtumbwi. Nanga nzuri sana, lakini si kamshafti.

BiSpea_Malindi

Mimi huuza spea, si za gari lako zaidi, lakini za kutosha. Niwaongezee wanaume hawa kitu kimoja wanachosahau kila siku: tapeti.

Tapeti bapa kama hizi si bapa kweli. Uso wake umevimba kidogo, na lobu imechongwa na mlalo mdogo, ili tapeti izunguke kila inaposukumwa. Baada ya muda kila tapeti na lobu yake wamezoeana kama mke na mume. Kwa hiyo:

Kamshafti mpya na tapeti kuukuu, usithubutu. Itakula shafti yako ndani ya siku.

Kamshafti ya kutumika iliyo nzima na tapeti mpya, inakubalika.

Kamshafti ya kutumika na tapeti zake yenyewe, sawa, ila kila moja irudi kwenye lobu yake. Sasa muulize huyo wa 9,000: tapeti alizipanga kwa namba, au zimo ndani ya karai kama dagaa? Najua jibu lake. Huyo amekuuzia shafti, tapeti ni za kukuzugia.

Na usikubali neno "hii ya 4D32 inaingia tu, ndugu", hiyo ni injini nyingine. Beba ya zamani mkononi mpaka kaunta. Laza sambamba. Angalia urefu, unene wa shingo (pale shafti inapokaa kwenye bushi), idadi ya shingo, tundu za oili, mahali pa ufunguo wa gia. Namba ya spea isome mwenyewe. Muuzaji akikasirika ukipima, toka. Mimi mwenyewe nikikasirika, toka.

Boksi jeupe si dhambi. Nyingine ni nzuri. Ila lipeleke kwa mwenye maikromita kabla ya kulipa, na mwambie utarudisha isipolingana. Asiyekubali hilo anajua kitu.

KantaYaGongoni

Nimetoka kupima, nimeazima maikromita kwa mtu wa mashine. Lobu 4 za hewa zinapishana chini ya milimita 0.1. Za eksozi tatu ziko sawa. Ya silinda ya 3 imepungua milimita 1.9! Na tapeti yake ina shimo katikati unaweza kuweka mchele.

FundiWaMaweni

Basi ile pu pu pu imejieleza. Valvu ya eksozi ya namba 3 ilikuwa hainyanyuki vya kutosha, moshi unabaki ndani, valvu ya hewa ikifunguka moshi unatokea mlango wa mbele mpaka kwenye eakilina. Na fundi wako kuseti tapeti mara tatu ni kupaka mkeka rangi. Kuseti kunaziba pengo wakati tapeti iko chini ya yai. Hakurudishi ncha iliyoliwa.

Milimita 1.9 usinoe. Mashua amekueleza.

Sasa swali langu: kwa nini imekula moja tu? Kamshafti ya lori haifi yenyewe. Ulikuwa unaweka oili gani? Na rejeta unajaza maji gani?

KantaYaGongoni

Oili... ile ya bei rahisi ya galoni, imeandikwa ya petroli. Maji ya kisima cha nyumbani. Yana chumvi kidogo, kama ya kila mtu huku.

Na sasa umeuliza, miezi kama minne nyuma oili ilikuwa inageuka kama chai ya maziwa. Tukabadilisha, tukasonga.

MashuaYaAmu

Chai ya maziwa! Yakhe, ulikuwa unampa kamshafti sumu.

FundiWaMaweni

Ndiyo hiyo. Maji yaliingia kwenye oili. Angalia gasketi ya hedi, halafu fungua oili kula (kipoza oili) uipime kwa presha, usiitazame tu. Injini ikiwaka, presha ya oili ni kubwa kuliko ya maji, oili ndiyo inayovuja kwenda rejeta. Ukizima, rejeta bado ina joto na msukumo, maji yanarudi kwenye oili. Usiku kucha yanalala na kamshafti yako. Maji ya kisima cha chumvi yanaitafuna hiyo oili kula yenyewe mpaka inatoboka. Nunua kulanti, au angalau maji ya mvua. Hili usipolitengeneza, hata shafti ya dhahabu italiwa.

Oili tumia ya dizeli, 15W-40, iliyoandikwa CH-4 au CI-4. Zile za petroli za kisasa zimepunguzwa fosforasi, na hiyo fosforasi pamoja na zinki ndiyo inayokinga lobu na tapeti zinaposuguana.

Kwenye 28,000 yako: boksi jeupe 15,000 baada ya kupima, tapeti mpya 8, bushi za kamshafti kama zimelegea. Bushi zikipigwa, tundu lake la oili likae sawa na tundu la bloku. Nimeona mtu amepiga kwa nyundo, tundu likaziba, injini ikafa hata haijafika Gede.

Siku ya kuwasha: paka mafuta mazito ya kufungia kwenye lobu na nyuso za tapeti, si oili ya kawaida, itadondoka. Alama za gia za taimingi zilingane zote, ya krenki, ya kamshafti na ya pampu, piga picha kabla ya kufunika. Jaza oili filta kabla ya kuifunga. Toa hewa kwenye dizeli mapema, isije ukasukuma stata nusu saa yale mafuta mazito yote yakafutika. Ikiwaka usiiache sailensi (ikinguruma polepole bila kukanyaga). Ishike kati ya 1500 na 2000 kwa dakika 20, ukibadilisha badilisha. Tapeti za kamshafti mpya zinahitaji oili ya kurushwa, na sailensi haitoshi. Valvu seti milimita 0.40 injini ikiwa baridi, hewa na eksozi. Kilomita 500 mwaga oili, seti tena.

KantaYaGongoni

Wiki tatu baadaye, nimerudi.

Oili kula ilikuwa imetoboka, tundu dogo kama la sindano. Boksi jeupe la kwanza lobu mbili zilipishana, nikarudisha, mwenye duka akanuna. La pili lilikuwa safi. Tapeti mpya zote. Pesa haikutosha, nikakopa 6,000 kwa shemeji ambaye sasa ananipigia simu kila jioni kuulizia afya ya gari.

Ikawaka kwa mara ya pili ya stata. Dakika 20 fundi amekaa kwenye mguu wa mafuta na tanboi anamsimamia na saa. Juzi nimeteremsha nusu mzigo Mombasa, Sabaki nimeipanda kwa ya tatu, eakilina kimya. Kilomita 500 zinatimia Alhamisi.

Kamshafti ya zamani iko chini ya mwembe hapa nyumbani. Mwenye mitumbwi akihitaji nanga ya pili aje aichukue.

MashuaYaAmu

Ipakie kwenye basi la Mokowe, nitaipokea hapo gatini.