Tupeane uzoefu: stesheni ya ziwani Kisumu na vituo vya njia ya Butere

Wanajamvi, nawasalimu. Naomba tukusanye kumbukumbu zetu kuhusu stesheni ya Kisumu na vituo vidogo vya njia ya Butere, kwani habari za wajenzi zimeandikwa sana, ilhali habari za waliopanda, walioshuka na waliouza kandokando ya reli zinazikwa pamoja na wazee wetu. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ufukweni hapa Desemba 1901, Florence Preston akapigilia msumari wa mwisho, na mahali pakaitwa Port Florence. Kwa miaka mingi msafiri wa Uganda alishuka garini na kuingia melini, mpaka njia ya kupitia Eldoret ilipofika Kampala mwaka 1931. Wengi huuhesabu mwaka huo kuwa mwanzo wa kufifia kwa stesheni yetu. Mimi sikubaliani nao kabisa, kwa sababu tawi la Butere lilikuwa limefunguliwa mwaka 1930, na kwa wanavijiji wa huku tawi hilo lilikuwa na faida kubwa kuliko meli zote.

Baba yangu alikuwa akibadilisha njia za treni, nasi tulikaa katika nyumba za landi, yaani makazi ya wafanyakazi wa reli. Alituzoeza kutambua kwa mlio peke yake kama gari linalokuja ni la abiria au la mizigo, na mama aliinjika chai kwa kufuata mlio huo, wala si saa ya ukutani.

Wa Luanda:
Asante kwa kulianzisha hili. Nyanya yangu alikuwa mchuuzi wa samaki. Alinunua Kisumu, akapanda treni na vikapu vyake, na kutoka Kisian gari lilipoanza kukwea kuelekea Maseno lilienda polepole mno hata vijana wasio na tiketi waliweza kuruka na kudandia. Wanawake walikaa pamoja katika behewa moja, wakikubaliana nani atashuka Luanda na nani ataendelea hadi Yala, ili wasishushiane bei katika soko moja. Makubaliano hayo hayakuandikwa popote, lakini aliyeyavunja hakupata wa kumsaidia kushusha vikapu safari iliyofuata. Ninaamini biashara ya nyanya ndiyo iliyomsomesha mama, na mimi baada yake.

Mtoto wa Bandarini:
Msisahau upande wa majini, ndugu zangu. Baba alifanya kazi katika MV Uhuru, meli ya miaka ya 1960 iliyobeba mabehewa yenyewe, kwa kuwa sitaha yake imetandikwa reli. Injini ilisukuma mabehewa kupitia daraja la gatini, na alitusimulia kwamba ilibidi yapangwe kwa zamu, upande huu kisha upande ule, meli isije ikainama. Shehena ya Uganda ilivuka ziwa bila kupakuliwa. Shirika la reli la pamoja lilipovunjika baada ya Jumuiya kusambaratika mwaka 1977, MV Uhuru ilibaki Kenya, na dada yake MV Umoja ikawa ya Tanzania. Mabaharia waliozoea kulala Mwanza kama nyumbani walitenganishwa na wenzao ghafla, na baba alilisikitikia jambo hilo hadi alipostaafu. Mwenye mzazi aliyefanya kazi katika MV Umoja, tafadhali atuandikie hapa.