Shedi ya taa ya mninga na plastiki ya dumu imenipasukia kwenye mashine, nakosea wapi?

seremala_wa_jioni
Habari za saa hizi wakuu. Mimi sio fundi kabisa, kazi yangu ni ya mezani, ila jioni na wikendi nachezea mbao nyuma ya nyumba, nina kimashine cha kukereza nilinunua mtumba. Sasa waifu anataka shedi ya taa ya sebuleni, ya kuning'inia, za dukani hazitaki, nikapata wazo la kupanga tabaka za mninga na plastiki nyeupe ya madumu ya mafuta ya kula, maana siku umeme umekatika niliweka tochi ndani ya dumu tupu nikaona ule mwanga unavyotoka laini kama maziwa, nikasema hapa pana kitu.

Nikakata madumu vipande vipande, nikayeyusha kwenye oveni, nikakandamiza katikati ya mbao mbili kwa jeki ya gari, vikatoka vibao vya milimita 12 hivi. Nikakata pete 5 za mninga za milimita 18 na pete 4 za plastiki, zote sentimita 24 kutoka ukingo hadi ukingo, nikabandika kwa epoksi ya tyubu mbili, nikakaza usiku kucha. Na nilipiga msasa kabla ya kubandika jamani, msije mkaniuliza.

Asubuhi nikafunga, nikawasha, mizunguko 1200 kwa dakika, nikagusa tu na bobari, ile patasi ya kukerezea yenye mkunjo, PAAA. Pete mbili za juu zimeondoka, moja imetoboa ndoo ya maji nyingine imepita karibu na sikio nikaisikia inavuma. Kilichonishangaza, epoksi yote imebaki upande wa mninga, upande wa plastiki panateleza kama sahani iliyooshwa. Gundi mbovu au mimi ndio mbovu? Nitumie ipi?

mzee_wa_bobari
Pole kijana, na shukuru Mungu hilo sikio bado unalo. Gundi yako haina kosa. Geuza dumu uangalie kitako, utakuta kipembetatu na namba 2 ndani, hiyo plastiki haikubali gundi ya aina yoyote unayoijua wewe. Chukua chupa yako ya gundi nyeupe ya mbao uiangalie vizuri, nayo ni plastiki hiyohiyo, ndio maana gundi inakaa humo miezi na haigandi kwenye chupa. Msasa hausaidii. Wapo wanaopitisha moto wa gesi juu yake haraka haraka bila kuyeyusha ndipo wanabandika, inashika kidogo zaidi, ila mimi kitu kinachozunguka mbele ya uso wangu siwezi kukiamini kwa "kidogo zaidi".

Halafu 1200 kwa sentimita 24 ulikuwa na haraka ya wapi? Piga hesabu, ukingo hapo unakimbia mita 15 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya kilomita 50 kwa saa, ni sawa na bodaboda imekuja usoni. Anza 400 au 500, ikishakaa sawa haitetemeki ndio upandishe taratibu. Na usisimame usawa wa kitu wakati wa kuwasha, simama pembeni.

Kipande_cha_Paspeksi
Mimi niko Nairobi, hiyo ya jerikeni nilijaribu nikaachana nayo. Nenda kwa wale wa kutengeneza mabango ya maduka, hutupa vipande vya paspeksi, ile plastiki ngumu ya mabango, kila siku, nyeupe, ya rangi ya machungwa, hata ya kijani, watakupea bure ama kwa bei ya soda. Hiyo inashika gundi vizuri ukiipiga msasa, hata superglu. Shida yake ni moja tu, ni ngumu lakini inameguka, patasi ikiwa butu inang'oa kipande kizima, kwa hivyo unakwangua kidogo kidogo na unanoa kila saa.

mama_wa_karakana
Kabla hamjaendelea na gundi mimi naomba kuuliza hiyo oveni ni ya kupikia??? Kaka yangu tafuta kioveni kibovu cha mtumba kikae nje huko, usirudishe keki humo. Na asije mtu akasoma hapa akaenda kuyeyusha vipande vya mabomba ya maji, yale ya PVC yakiungua yanatoa moshi mbaya sana wa kuchoma mapafu, hata mask ya kitambaa haizuii. Namba 2 tu, na joto likishalainisha inatosha, ukiona moshi umeshapitiliza.

Na ndani weka balbu ya LED ya wati 5 au 7, sio zile za zamani za waya unaowaka, plastiki italegea juu ya vichwa vya wageni.

chengeu_lamu
Sisi wazee wetu kitu hiki waliita chengeu, hilo shedi mmeleta nyinyi 😀

Nduyangu, gundi ya nini? Mitepe, vile vyombo vya zamani vya matanga vya huku pwani, ilikwenda bahari kuu bila gundi na bila msumari, mbao zilishonwa kwa kamba za usumba wa nazi na kutiwa vijiti. Na kama ni plastiki, huku Lamu kuna jahazi zima la taka za plastiki, lilishushwa majini 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar, ubavu wote umevikwa kandambili kama elfu 30 hivi. Mafundi waliichonga kama mbao. Kwa hiyo wewe kwa pete 9 usikate tamaa.

Fanya hivi. Kila pete ya mninga ichimbe mfereji mdogo, na pete ya plastiki iache ulimi wa kuingia humo, milimita 3 inatosha. Kisha toboa kwa mshazari, sio wima, tundu moja linaelekea kushoto la pili kulia, upige vijiti vya mianzi, vile vya mishikaki vinene. Mshazari ukipingana, pete haiwezi kuchomoka hata ukiivuta. Msumari usitie, patasi ikikutana nao utajua.

mzee_wa_bobari
Hapo umesema bwana wa Lamu. Niongeze mawili tu. Ile plastiki inatoka kama utepe mrefu na inajizungusha kwenye mashine, zima kabisa ndio utoe, usiivute kwa mkono ikiwa inazunguka. La pili msasa usipige kwenye plastiki, inapata joto inaota manyoya, na vumbi jekundu la mninga linaingia kwenye weupe halitoki tena. Noa patasi iwe kama wembe, umalizie nayo hapohapo. Mninga pekee ndio upigwe msasa, na uvae kitu puani, vumbi lake linawasha.

seremala_wa_jioni
Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita. Nimefuata ya chengeu_lamu, mfereji na ulimi na vijiti vya mishikaki 6 kwa kila pete, mizunguko 450. Haikuruka hata moja. Nimekwangua mpaka ukuta ukabaki milimita 8, sehemu za plastiki nikateremsha mpaka 5 kwa sababu kwenye 8 mwanga ulikuwa unafifia. Pete moja ilichafuka wekundu maana ushauri wa msasa niliusoma nikiwa nimeshaharibu.

Oveni ilikuwa ya kupikia ndio 🙈 imeshahamia nje, na mimi kidogo nihamie nayo.

Jana usiku nimewasha, sasa kuna kitu hakuna aliyenitajia, vile vijiti vinaonekana ndani ya plastiki, mistari myeusi ya mshazari kuzunguka shedi nzima. Mimi nikaona nimeharibu. Waifu kaangalia akauliza hayo maua nimeyachora vipi, nikanyamaza.

Kipande_cha_Paspeksi
Endelea kunyamaza boss. Picha iko wapi?